Ufunguo, Tochi, Filimbi na Mtu Mmoja

"Mimi," alisema Kamanda, akijipiga kifua pale penye beji, "tangu nivae sare hii sijawahi kumkamata mtu asiye na kosa. Hata mmoja!"

Maneno hayo yalikuwa ya kweli kabisa. Tangu avae sare hiyo alikuwa hajamkamata mtu yeyote, mwenye kosa wala asiye nalo. Paka alishawafukuza mara nyingi. Na siku moja alimzuia mlangoni mama mmoja aliyekuwa akitoka na kikapu cha duka, ikabainika kuwa ni mke wa meneja amejisahau. Kamanda mwenyewe ndiye aliyembebea kikapu hadi kwenye gari, akamfungia na mlango kwa adabu zote. Lakini hiyo ilikuwa Jumapili alasiri, uani kwenye nyumba ya kupanga, na Jumapili alasiri kila mwanamume huwa mkubwa kuliko alivyokuwa Ijumaa.

"Kwani mlinzi wa duka ana ruhusa gani ya kukamata?" aliuliza jirani, fundi redio, bila kuinua macho kwenye redio aliyokuwa ameipasua mapajani. "Hiyo si kazi ya polisi?"

"Ndugu yangu, wewe endelea na nyaya zako. Sheria inasema kila raia anaweza kukamata. Kila raia! Sembuse mimi niliyesomea? Nikikwambia simama, unasimama. Nikikwambia kaa, unakaa."

"Mbona juzi ulimwambia kuku asimame, akaingia kwenye unga?" alisema mke wake, fundi wa nguo, kutoka mlangoni alikoiweka cherehani yake ili apate mwanga.

Jirani akacheka mpaka skrubu ikamponyoka. Kamanda hakucheka, kwa sababu pembeni, juu ya mkeka, alikuwapo mama mkwe wake, aliyekuja kuwatembelea. Mama huyo alikuwa amevaa miwani yake mizito, akifumua mishono ya gauni kuukuu kumsaidia binti yake. Mbele ya mama mkwe mtu hapendi kulinganishwa na kuku.

Basi Kamanda akaihamisha hadithi, akaileta dukani. Akaeleza kazi ya mlangoni ilivyo nyeti. Ukiingia na mfuko wako, sharti uupitishe kwake. Yeye huubana mdomo, akaufunga kwa kamba nyekundu ya plastiki, ile inayojikaza yenyewe na haifunguki mpaka ikatwe. Unazunguka dukani, unanunua vyako, na ukitoka anaikata kwa kikata maalumu kilichoning'inia mkandani.

"Na anayeruhusiwa kuikata ni mimi tu," alisema. "Mwingine yeyote akiikata, hata awe ameshafika kwake, hilo ni kosa."

Hiyo ya 'hata awe ameshafika kwake' aliiongeza mwenyewe, kama mtu anavyoongeza chumvi kwenye mchuzi ambao tayari una chumvi.

"Hata mfuko wangu mimi utaufunga, baba?" aliuliza mama mkwe.

"Hata wako, mama. Utanisamehe, lakini sheria haina mkwe."

"Vizuri. Basi kesho nitapita huko dukani kutazama pazia. Nikuone ukiwa kazini."

"Karibu sana, mama! Njoo mchana, ndipo nafasi inapokuwepo. Utaona mambo."

Hapa ni haki tueleze kuhusu kusomea kwake. Kampuni ya ulinzi iliwapa mafunzo ya juma moja, kwenye ukumbi wenye viti vya kukunja. Siku ya somo la kukamata, mwalimu aliligawa mara mbili: asubuhi akafundisha uwezo alionao mlinzi, mchana akafundisha mipaka ya uwezo huo. Kamanda alikuwapo asubuhi yote, mstari wa mbele, akiitikia kwa kichwa. Mchana alitoroka. Alikuwa amepewa suruali ya mtu mrefu, akaona haya kuikanyaga mbele ya wenzake, akarudi nyumbani ili mke wake aifupishe. Akapata suruali ya kumtosha na nusu ya sheria.

*

Jumatatu meneja alimwita kabla duka halijafunguliwa. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, na sauti hiyo ilitisha kuliko makelele.

"Vitu vinapotea," alisema. "Mashuka, taulo, vikombe. Na mimi sijaletewa mwizi hata mmoja. Kwa hiyo ama hakuna wizi, ama hakuna mlinzi. Kampuni za ulinzi ziko nyingi, unajua?"

"Najua, bosi."

"Nilitaka tu ujue kuwa najua unajua."

Kamanda akarudi mlangoni. Watu nao walikuwa wengi siku hiyo kwa kuwa duka lilikuwa limepunguza bei, wakasukumana kama wanaogawiwa vitu bure. Kamanda hatazami nyuso, anatazama mifuko. Mkono unanyooshwa, mfuko unakuja, kamba inalia krrr, mfuko unarudi.

"Mwanangu, nilitaka kukuonyesha kwanza, humu ndani nina..." alianza mama mmoja mnene mwenye kitambaa cha buluu kichwani.

"Mfuko, mama. Pita." Krrr.

"Hujambo, baba?" alisema mwingine nyuma yake.

"Sogea, mama. Mfuko. Pita." Krrr. "Mwingine!"

Hakikupita kitambo kirefu, yule mama wa kitambaa cha buluu akarudi mlangoni kutoka, mikono mitupu isipokuwa mfuko wake. Alipokanyaga kizingiti, kengele ikalia.

Kengele hiyo ilikuwa imefungwa hapo kunasa lebo za vitu visivyolipiwa, na kwa kawaida ililia kwa sababu zake yenyewe: ikiona mkanda wa chuma, ikiona mwavuli. Lakini asubuhi hiyo Kamanda aliisikia kama tarumbeta. Akamzuia mama, akauchukua mfuko, akachomoa kikata mkandani, akaikata kamba kwa pigo moja safi, akauchungulia ndani. Akatoa blanketi dogo la mtoto, la njano, lenye picha za vifaranga. Jipya. Na lebo ya duka inaning'inia.

"Aaah!" wakasema watu, maana watu hawajawahi kunyimwa la kusema.

"Hili nini, mama?"

"Blanketi. Nimelinunua hapahapa wiki iliyopita. Binti yangu alikwenda kujifungua, tukatarajia mtoto mmoja, wakatoka wawili. Nikaja nalo nilinganishe rangi, nipate la pili linalofanana. Nimelikosa, naenda zangu."

"Mapacha hao wameanza kazi mapema!" akasema kijana mmoja kwenye foleni, na foleni ikaangua kicheko.

"Risiti iko wapi?"

"Risiti ya blanketi la mtoto nani anaitunza, mwanangu? Hili ni friji?"

Kamanda akavuta pumzi. Neno alilolifanyia mazoezi mbele ya kioo, huku mke wake akijifanya amelala, lilikuwa limefika ulimini.

"Mama, nakukamata kwa mujibu wa sheria."

Mama akamtazama, kisha akautazama mfuko, kisha akaitazama kamba nyekundu iliyokatika, ambayo Kamanda bado alikuwa ameishika kwa vidole viwili.

"Lakini mfuko huo umeufunga wewe mwenyewe nilipoingia," alisema taratibu. "Na umeukata wewe mwenyewe, sasa hivi, watu wote wanaona."

"Utaeleza ndani."

Akamshika mkono juu ya kiwiko, akampitisha katikati ya duka zima, kwenye mashuka, kwenye masufuria, hadi stoo ya nyuma. Mama aliinamisha uso. Alikuwa mpishi wa shule, na kwenye masufuria walikutana na mzazi mmoja anayemfahamu. Mzazi huyo ghafla akaona kifuniko cha kutazama kwa makini sana.

*

Stoo ilikuwa na masanduku, ngazi iliyovunjika, na masanamu ya kuvalisha nguo yasiyo na vichwa. Kamanda akamkalisha mama juu ya kreti. Akamwambia avue viatu, kwa kuwa aliwahi kusikia mtu akivuliwa viatu kituoni. Soksi ya kushoto ilikuwa imetoboka kwenye kidole gumba. Mama akakikunja kidole, akakificha nyuma ya mguu mwingine. Kamanda akamchukulia na simu yake, akafunga mlango kwa ufunguo.

Kwa polisi hakupiga. Alimpigia msimamizi wake wa kampuni, kwa sababu alitaka msimamizi aje aone kwanza. Mwizi wa kwanza hapelekwi hivihivi bila kuonekana na wakubwa. Msimamizi akasema anakuja. Baadaye akasema pikipiki imepata pancha. Baadaye tena hakusema kitu.

"Polisi wameitwa?" aliuliza meneja, akipita.

"Utaratibu unaendelea, bosi."

"Hongera," alisema meneja kwa ile sauti yake ndogo, na Kamanda akarefuka.

Mlango wa stoo uligongwa. Mama anaomba maji. Keshia, msichana mwenye kucha ndefu zilizopakwa rangi, akampitishia chupa kupitia upenyo wa juu ya mlango bila kumuuliza mtu. Mlango ukagongwa tena. Mama anaomba kwenda chooni. Kamanda akasema asubiri kidogo, msimamizi yuko njiani. Ukagongwa mara nyingine, polepole zaidi. Kisha haukugongwa tena.

Yeye alikuwa amerudi mlangoni kufunga mifuko. Mfuko ukaja, mkono ukabana, kamba ikalia krrr. Hapo ndipo vidole vyake viliposimama.

Mteja akangoja. "Kaka, vipi? Umeganda?"

Kamanda hakumsikia. Mambo yalikuwa yamejipanga yenyewe kichwani, bila kuitwa. Kama mfuko aliufunga yeye wakati wa kuingia, na kamba ilikuwa nzima mpaka alipoikata yeye wakati wa kutoka, basi blanketi liliingia na mama kutoka nje. Hapakuwa na mlango mwingine wa mfuko ule.

Kwenye kaunta kulikuwa na kopo kuukuu la maziwa ambamo hutupwa kamba zilizokatwa. Lilikuwa limejaa hadi juu, zote nyekundu, zote sawa. Akatia mkono mfukoni, akatoa kile kipande cha mama wa blanketi, akakitazama. Akakitumbukiza koponi, akakoroga kidogo kwa kidole, kama mtu anayekoroga sukari.

"Pita," akamwambia mteja.

*

Mchana akaja mlinzi wa zamu ya pili, ambaye watu walimwita Mzee Tochi kwa kuwa hata jua likiwaka aliimulikia tochi kila kona. Kamanda akaanza kumkabidhi kazi kama ilivyo desturi, kitu kimoja kimoja.

"Ufunguo wa mlango mkubwa."

"Nimepokea."

"Tochi."

"Nimepokea."

"Filimbi."

"Hii ina mate yako. Haya, nimepokea."

"Na mtu mmoja, yuko stoo."

Mzee Tochi akauvuta mkono nyuma. "Mtu gani?"

"Mtuhumiwa. Nilimkamata asubuhi. Ufunguo wa stoo huu hapa."

"Asubuhi!" Mzee Tochi akaushusha mkono, akauficha mfukoni kabisa. "Mwanangu, mimi nimekaribia kustaafu. Sipokei kitu kinachopumua."

"Ni wa zamu nzima, mzee. Kazi ni moja."

"Kazi ni moja, mtu ni wako. Umemshika wewe, utakwenda naye nyumbani ukampikie. Mimi nimepokea tochi na filimbi, basi."

Wakiwa bado wanasukumiana ufunguo kama wanaosukumiana bili ya chai, mlango wa mbele ukafunguka. Aliingia kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, baba wa mapacha, na nyuma yake sajini wa polisi, mwanamke mrefu aliyetembea kana kwamba ana siku nzima. Kumbe keshia, alipopitisha ile chupa, alimuuliza mama namba ya simu ya nyumbani kwake, akaipiga.

Mlango wa stoo ukafunguliwa. Mama alikuwa amesimama katikati ya masanamu yasiyo na vichwa, amenyooka, viatu mkononi. Jambo la kwanza alilouliza ni choo kiko wapi. Walimngoja. Meneja akatazama saa, keshia akatazama kucha zake. Aliporudi, sajini akamtafutia kiti, kisha akageuka.

"Mlinzi ni nani?"

"Mimi, afande." Kamanda akapiga saluti. Sajini hakuipokea.

"Ulimwona akichukua?"

"Kengele ililia, afande."

"Sikuulizi kengele. Wewe, kwa macho yako."

"Kwa macho yangu niliona nilipoka..." Kamanda akalimeza neno. "Nilipoufungua mfuko."

"Naona mifuko ya watu hapa inafungwa kwa kamba. Wake ulikuwa umefungwa?"

Kamanda alimwona meneja. Akaiona sauti ile ndogo kabla haijatoka. Akaiona cherehani ya mke wake ikilisha nyumba nzima peke yake.

"Haukufungwa, afande. Watu walikuwa wengi asubuhi. Wengine walipita hivihivi."

"Mwanangu!" Mama hakupiga kelele. "Mimi nilikupa mfuko mkononi. Nikataka kukuonyesha, ukaniambia pita."

"Haukufungwa," alirudia Kamanda, safari hii akiyaambia masufuria.

Sajini akainua kidole kwenye kisanduku cheusi juu ya mlango, chenye taa nyekundu inayowaka na kuzima. "Kamera ile inasemaje?"

Meneja akakohoa. "Ile... ile ni ya kutisha tu. Ndani haina kitu."

"Kama baadhi ya watu," akanong'ona Mzee Tochi.

Keshia aliulizwa, akasema yeye alikuwa amewapa mgongo, anahesabu chenji. Foleni ya asubuhi ilikuwa imeshatawanyika. Sajini akamwaga kopo la kamba juu ya kaunta, akatazama rundo lile jekundu, akalirudisha. Akamgeukia Kamanda, akazungumza bila hasira, kama anayemsomea mtu dawa ya kunywa.

"Sikiliza. Raia anaweza kumkamata mtu aliyetenda kosa mbele yake. Mbele yake, si mbele ya kengele. Na akishamkamata anamkabidhi polisi bila kuchelewa. Hakuna mahali sheria iliposema stoo, wala iliposema uvue mtu viatu. Kwa hilo la kumkawiza, kampuni yako itatueleza. Lakini kuna kubwa zaidi. Kama mfuko haukufungwa, mama huyu ana tuhuma ya wizi ya kujibu. Kama ulifungwa, na wewe unajua ulifungwa, basi umemfungia mtu bila haki na unamsingizia, na kesi ni yako. Kesho asubuhi wote wawili kituoni, mtoe maelezo kwa maandishi. Ukishatia sahihi, hakuna kurudi nyuma."

Mama akaanza kuvaa viatu. Mkwe wake, yule baba wa mapacha, akainama kumsaidia. Mama akamsukuma mkono kwa upole, akavaa mwenyewe.

"Mimi napikia watoto wa watu," alisema, hakujulikana anamwambia nani. "Mkuu wa shule akilisikia neno wizi, jiko lile nitaliona kupitia dirisha."

Walipoondoka, simu ya Kamanda ikalia. Msimamizi. Pancha sasa ilikuwa imepona.

"Umesema haukufungwa? Vizuri. Basi ndilo neno lako hilohilo kesho. Ukigeuza, sare niletewe ofisini ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi. Umenielewa?"

*

Habari ilimtangulia nyumbani. Alipofika jua lilikuwa bado halijazama, na jirani alikuwa ameshaleta kigoda chake uani bila redio yoyote, jambo lililoonyesha kuwa amekuja kusikiliza.

"Kamanda! Tunasikia umekamata!"

Mke wake alikuwa kwenye cherehani, mama mkwe kwenye mkeka pale pale. Kamanda akamsalimia mama mkwe kwa heshima, na moyoni akashukuru: mchana kutwa hakumwona dukani. Bila shaka aliahirisha. Aheri.

Akaketi, akasimulia. Mwanzoni alisimulia kidogokidogo, lakini hadithi ina tabia ya kunenepa ikipata wasikilizaji. Mama wa blanketi akawa na macho ya ujanja. Kengele ikalia mara tatu. Stoo ikawa ofisi. Sajini akawa amempa mkono.

"Lakini polisi wamekuita kesho," alisema mke wake. "Mtu aliyepewa mkono anaitwa tena kufanya nini?"

"Maelezo tu. Kawaida."

"Mama, nitungie uzi," alisema mke, akimpa mama yake sindano.

"Leo sioni, mwanangu. Tunga mwenyewe."

Mke akautunga uzi, akaukata kwa meno. "Mimi nina swali moja. Jana ulisema unafunga mifuko yote. Hata ya mkwe. Huyu aliwezaje kutia blanketi kwenye mfuko uliofungwa?"

"Wake haukufungwa."

"Kwa nini?"

"Watu walikuwa wengi, jamani! Kwani mimi nina mikono mingapi?"

"Na hiyo habari ya kwamba lazima kosa litendwe mbele yako," akaingia jirani, ambaye inaonekana alikuwa ameshazungumza na mtu aliyezungumza na Mzee Tochi, "hamkufundishwa?"

"Ilifundishwa mchana."

"Na mchana ulikuwa wapi?"

Kamanda akamnyooshea mke wake kidole. "Kwake. Ananifupishia suruali."

"Kumbe!" Jirani akajipiga goti. "Shemeji, ulikata pindo ukakata na sheria!"

Hata mke akacheka, ingawa hakutaka. Kamanda naye akacheka, akaona hatari imepita, akajinyoosha kwenye kigoda.

"Ninyi chekeni. Lakini nawaambia, na kesho nitaandika hivyo hivyo na kutia sahihi: mfuko wa yule mama mimi sikuufunga. Mungu wangu ni shahidi."

Mama mkwe akanyanyuka. Alinyanyuka polepole, akashika ukuta, akapapasa kizingiti kwa mguu kabla ya kukivuka, akaingia ndani. Wakamsikia akigusa vitu. Akatoka na mkoba wake wa kitambaa, ule wa safari, akarudi kwenye mkeka, akauweka mkoba mbele ya Kamanda, karibu na viatu vyake.

Mdomo wa mkoba ulikuwa umebanwa kwa kamba nyekundu ya plastiki.

"Nikatie, baba," alisema. "Miwani yangu imo humo tangu asubuhi. Nimeshinda kama kipofu."

Jirani alikitazama kigoda chake kana kwamba anatafuta skrubu.

"Mama," alisema Kamanda. "Kumbe ulikuja?"

"Nilikuja mapema, niwahi kivuli. Nilikuwa nyuma ya yule mama wa kitambaa cha buluu. Uliufunga mfuko wake, ukaufunga na wangu. Nilikusalimia, ukaniambia nisogee." Aliyasema haya bila kulaumu, kama anayeeleza njia aliyopita. "Wakati wa kutoka mlangoni hapakuwa na mtu, ulikuwa umempeleka nyuma. Sikutaka kukuingilia mbele ya wakubwa zako. Nikajua ni kazi, una sababu zako. Nikaja zangu."

"Si ungeikata tu, mama?" aliuliza binti yake kwa sauti ya chini. "Mikasi imejaa humu ndani."

"Mume wako, mkwe wangu huyu, alisema anayeruhusiwa kuikata ni yeye tu. Hata mtu akiwa nyumbani kwake. Mimi nilimwamini."

Kamanda akapeleka mkono mkandani. Kikata kilikuwapo. Ilikuwa kamba moja tu, pigo moja. Ikishakatwa itakuwa kipande chekundu kama vingine vyote vya koponi, na ya kesho yatabaki kuwa maneno yake na ya mpishi. Akakichomoa kikata nusu. Akainua macho, akakutana na ya mama mkwe, makubwa na matupu bila miwani. Hayakuwa yakiona vizuri, lakini yalikuwa yanamtazama yeye.

Mke wake alikuwa ameacha kushona. Akanyoosha mkono, akauchukua mkoba kutoka miguuni pa mumewe, akaupakata. Mkasi wake mkubwa uliokuwa mezani akautia kwenye droo ya cherehani, akaisukuma droo mpaka mwisho.

"Au basi, isikatwe leo," alisema mama mkwe, akijitandaza vizuri kwenye mkeka. "Kesho tutakwenda wote kituoni, utaikata hukohuko mbele ya huyo sajini. Na mimi nataka kuyasoma hayo maelezo yako, baba. Bila miwani nitasomaje?"